Tela Ndogo ya Malazi na Istilahi Zake

Miongoni mwa maandishi ya ufundi yanayomfikia mfasiri yamo maelezo ya kujijengea tela ndogo ya kulalia safarini. Chombo chenyewe ni sanduku la mbao lililowekwa juu ya magurudumu mawili, likakokotwa na gari dogo. Ndani mna godoro la watu wawili, na nyuma, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu, mna jiko. Fundi mwenye msumeno, keekee na mahali pa kuchomelea vyuma aweza kukikamilisha peke yake. Kwa kuwa chombo ni chepesi, mfasiri hudhani kwamba na kazi ya kukieleza ni nyepesi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo: yamo humo maneno machache ambayo yakichanganywa, tela itakayojengwa kwa kufuata tafsiri hiyo yaweza kuwapindua wenyewe njiani.

1. Chombo na jina lake

Tela za namna hii zilienea nchini Marekani katika miaka ya 1930, na tena baada ya vita kwisha mwaka 1945. Majarida ya mafundi wa nyumbani yalichapa michoro yake, na watu wakajijengea wenyewe. Kwa kuwa ubavu wake ni wa mviringo mbele na huchongoka kwenda nyuma, Wamarekani waliilinganisha na tone. Baadaye zilififia, kisha zikarejea kupendwa kuanzia miaka ya 1990.

Katika Kiswahili neno tela limekwisha kukubalika, na wengine husema trela. Ugumu ni kwamba katika mazungumzo ya barabarani neno hilo huweza kutajia lori zima pamoja na kile kinachokokotwa. Katika maandishi ya ufundi yafaa tela ibaki na maana moja tu: chombo cha magurudumu kisicho na injini, kinachokokotwa na gari. Kuhusu aina hii, wako wanaopendekeza msafara. Lakini msafara ni watu walio safarini, si chombo. Tela ya kambi nayo haielezi kama watu wanalala ndani yake au inabeba mahema yao tu. Tunapendekeza tela ya malazi, na kwa ile yenye umbo tulilolieleza, tela ya tone.

2. Kiunzi na mataruma

Vipimo vya tela hizi havikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ubao wa plaiwudi huuzwa kwa kawaida ukiwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Mchoraji anayetaka kuokoa mbao huufanya ubavu mmoja utoke katika ubao mmoja. Ndiyo sababu tela nyingi za tone zina urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4. Mfasiri akikadiria vipimo hivyo kuwa mita 2 na nusu kwa mita 1 na robo, amemwongezea fundi kipimo ambacho ubao hauna.

Paa la tela ya tone limepinda. Mbao nyembamba hukatizwa kutoka ubavu hadi ubavu, kisha plaiwudi laini hukunjwa juu yake na kufunikwa kwa bati la alumini. Mbao hizo tuziiteje? Boriti haifai, maana boriti hubeba dari iliyonyooka. Pwani yetu ina neno la waunda vyombo vya bahari: taruma, wingi wake mataruma, yaani mbao zinazolipa jahazi umbo lake na kuzuia ngozi yake isibonyee. Kazi ni ileile, basi neno na liwe lilelile. Vivyo hivyo kiunzi chafaa kwa fremu ya chuma inayobeba sanduku, na kutia kalafati chafaa kwa kuziba maungio ili maji ya mvua yasipenye, hata kama leo fundi hutumia silikoni badala ya pamba na mafuta.

3. Uzito wa namna tatu

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Maelezo ya kujenga tela hutaja uzito mara nyingi, lakini si uzito mmoja. Kuna uzito wa tela nzima ikiwa imepakiwa. Kuna sehemu ya uzito huo inayoshuka kwenye magurudumu kwa njia ya ekseli. Na kuna sehemu iliyobaki, inayolemea nyuma ya gari pale tela inapoungwa.

Mfano mwepesi ni mtu abebaye maji kwa mzegazega. Bega lake ni mithili ya ekseli. Ndoo mbili zikiwa sawa, mti hutulia. Ndoo ya mbele ikiwa nzito kidogo, mti huinama mbele na mkono wake huuzuia bila taabu. Ya nyuma ikizidi, mti huinuka mbele na kutaka kumponyoka.

Tuchukue tela yenye uzito wa kilo 500, iliyopakiwa hivi kwamba kitovu cha uzito kiko sentimita 24 mbele ya ekseli, na kutoka ekseli hadi mahali pa kuungia ni sentimita 240. Zidisha 500 kwa 24, kisha gawanya kwa 240: gari litalemewa na kilo 50, na ekseli itabeba kilo 450. Sasa mwenye tela aweke jikoni nyuma madebe mawili ya maji, jumla kilo 40, sentimita 90 nyuma ya ekseli. Uzito wa tela nzima umepanda kuwa kilo 540. Ekseli inabeba kilo 505. Lakini gari halikulemewa zaidi. Limepunguziwa kilo 15, na zimebaki 35. Akiongeza madebe mengine mawili mahali palepale, tela inakuwa na kilo 580, na gari linalemewa na kilo 20 tu.

Msomaji ataona hatari ilipo. Kitu kimoja kimeongezwa. Uzito wa namna mbili umepanda na wa tatu umeshuka. Sentensi isemayo "ukizidisha mizigo, uzito utaongezeka" ni kweli kwa miwili na ni uongo kwa mmoja, na ule mmoja ndio wenye kuamua usalama.

Baadhi ya wafasiri, wakifuata neno la kigeni linaloiita sehemu ya mbele ya tela ulimi, wameandika uzito wa ulimi. Tafsiri hiyo haifai. Kwa Mswahili, mwenye uzito wa ulimi ni yule ambaye maneno hayamtoki upesi. Na katika useremala ulimi ni ncha ya ubao iliyochongwa kuingia tunduni. Tunapendekeza mlemeo wa kiungo, kutokana na kitenzi kulemea, ambacho kinaonyesha uzito ulio juu ya kitu kingine. Ile miwili mingine iitwe uzito kamili na mzigo wa ekseli.

4. Kuyumba

Mlemeo ukiwa mdogo mno, na hasa kitovu cha uzito kikihamia nyuma ya ekseli, tela huanza kwenda upande huu na upande huu. Katika mwendo wa polepole mtikisiko huo hufifia wenyewe; mwendo ukizidi kiwango fulani, kila mpito huwa mkubwa kuliko uliotangulia, hata tela ikalivuta gari nje ya njia. Tuite hali hiyo kuyumba, na tuitenge na kunesa, ambako ni kwenda juu na chini juu ya kamani. Mafundisho yanayotolewa kwa dereva wa tela inayoyumba ni kuachia mafuta taratibu bila kukanyaga breki za gari kwa ghafla. Lakini dawa hasa ni kupakia vizuri kabla ya safari.

Marekani hushauri mlemeo uwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito kamili; Uingereza hushauri asilimia 5 hadi 7. Mfasiri asizilinganishe wala kuzichanganya tarakimu hizi, kwani kila moja imefungamana na magari na viungo vya nchi yake. Aandike ile iliyomo katika maandishi anayoyafasiri, na ataje ni ya wapi. Pia gari lenyewe lina kikomo chake cha mlemeo, ambacho hakipasi kuzidiwa.

5. Kiungo

Kiungo kina sehemu mbili: tufe lililofungwa nyuma ya gari, na kikombe kilicho mwisho wa mkono wa tela, kinachofunika tufe hilo na kukazwa. Tufe la Ulaya ni la milimita 50. Ya Marekani yanayotumika kwa tela ndogo ni ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, na ya inchi 1 na sehemu 7 za 8, ambayo ni kama milimita 47.6. Mfasiri akiandika "sentimita 5" kwa yote matatu, amevifanya kuwa kimoja vitu vitatu visivyobadilishana. Kikombe kikubwa juu ya tufe dogo huweza kuchomoka kwenye shimo la kwanza barabarani. Ndiyo maana kuna minyororo ya usalama, ambayo hupishanishwa chini ya mkono ili kuudaka ukichomoka.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Tela ya malazi: tela iliyojengwa ili watu walale ndani yake.
Kiunzi: fremu ya chuma inayobeba sanduku la tela.
Taruma (ma-): ubao wa kukatiza unaolipa paa umbo lake.
Mkono wa tela: chuma kinachotoka kwenye kiunzi kwenda mbele hadi kwenye kiungo.
Uzito kamili: uzito wa tela pamoja na vyote vilivyopakiwa.
Mzigo wa ekseli: sehemu ya uzito kamili inayobebwa na ekseli.
Mlemeo wa kiungo: sehemu ya uzito kamili inayolemea gari kwenye tufe.
Kuyumba: kwenda kwa tela upande huu na huu.
Kunesa: kwenda kwa tela juu na chini.

Walimu wa ufundi waweza kuyajaribu maneno haya darasani kwa mti, mawe na mizani ya kawaida: mizani ikiwekwa chini ya kiungo cha tela iliyosimama sawa, kwa kimo kile kile cha tufe, husoma mlemeo palepale. Watumishi wa serikali wanaotayarisha fomu na maagizo ya barabarani nao wasiandike "uzito" peke yake panapohitajika mojawapo ya hiyo mitatu. Huenda katika gereji na karakana yamo maneno bora kuliko haya. Tunawaomba wasomaji wayaokote na kuyaleta. Tusichoweza kukubali ni neno moja kwa mambo matatu, kwa sababu atakayelipa gharama ya uvivu huo si mfasiri, bali msafiri.