Fahamu: Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege ni umbali gani, na huchukua muda gani?

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100.

Angani ni muda gani?

Safari ya moja kwa moja kwa ndege ya jeti huchukua kama saa moja na nusu.

Mbona hesabu haikubali?

Jeti kama Airbus A220 hukata anga kwa zaidi ya kilomita 800 kwa saa, hivyo wengi hutarajia saa moja tu. Lakini kasi hiyo hupatikana ndege ikishafika juu. Kabla ya hapo kuna kutembea taratibu hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya waongozaji, kisha kupanda. Kushuka nako hupunguza mwendo. Muda ulio kwenye tiketi hujumuisha yote haya, tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama Mwanza.

Ndege ya pangaboi, mfano Q400, ina kasi ndogo zaidi, kwa hiyo huchelewa kiasi.

Kwa nini ujue?

Kwa sababu tiketi haihesabu foleni ya Barabara ya Nyerere, ukaguzi wala kusubiri mizigo. Ukiwa na miadi Mwanza, acha nafasi ya kutosha, na ukikata tiketi uliza kama ndege itatua kwingine njiani.