Silaha Bila Utafiti: Fundisho la Emu wa Australia

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi iko Australia, ambako mwaka 1932 jeshi lilipata fundisho linalomfaa kila askari kulitafakari. Adui hakuwa na silaha. Alikuwa emu, ndege mkubwa afananaye na mbuni, asiyeruka bali hukimbia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi waliorejea walipewa mashamba katika Australia ya Magharibi. Bei ya ngano ilipoanguka walitaabika sana. Ndipo emu wapatao 20,000, waliohama kutoka bara, wakayavamia mashamba hayo. Wakulima waliomba msaada, na Waziri wa Ulinzi akampeleka Meja G. P. W. Meredith pamoja na bombomu mbili na risasi 10,000.

Siku moja ya Novemba askari walivizia penye bwawa kundi la emu zaidi ya 1,000. Ndege 12 tu walianguka, bombomu ikakwama, na waliobaki wakatawanyika. Bombomu ilipofungwa juu ya lori, lori halikuweza kuwafikia. Mwishowe Meja aliripoti kuwa emu 986 waliuawa kwa risasi 9,860, yaani risasi 10 kwa kila ndege. Uharibifu wa mashamba haukukoma.

Askari wale hawakukosa ushujaa. Walichokosa ni upelelezi: walitumwa kupambana na kiumbe ambacho mienendo yake haikuwa imechunguzwa vya kutosha. Wakulima waliliomba jeshi tena mwaka 1934, 1943 na 1948. Kila mara Serikali ilikataa. Nyua ndizo zilizowafaa zaidi kuliko risasi.

Mwaka 1949 shirika la sayansi la nchi hiyo, CSIRO, liliunda idara ya kuchunguza wanyama wa porini, ikiongozwa na Francis Ratcliffe.

Na uchunguzi huo una uzito. Emu wa kisiwa cha Tasmania, cha King na cha Kangaroo walikwisha kutoweka katika karne ya 19, wala hapana amri iwezayo kuwarudisha. Emu wa bara angali hai, naye yumo katika nembo ya taifa la Australia.

Ndugu askari, kamanda hodari hapimi nguvu zake kwa wingi wa risasi. Kwanza huuliza: ninayemkabili ni nani, na je, ni lazima apigwe?