Hija ya Siku Moja: Kutoka Uvira mpaka Baraka

Mara nyingi twapata barua kutoka mjini Uvira zenye swali lile lile: "Je, twaweza kuondoka asubuhi, tukazuru mahali walipouawa Wenye Heri wa Baraka na Fizi, tukarudi nyumbani jioni?" Sisi tunaokaa Lusenda, kando ya barabara ya ziwa, huyaona magari ya mahujaji yakipita mbele yetu, na pengine tumepanda pamoja nao. Kwa hiyo twapenda kulijibu swali hilo kwa marefu kidogo, maana kulijibu vibaya kwaweza kuwaponza watu. Sisi wenyewe tulikwisha kulijibu vibaya mara moja.

Kwanza wanafunzi wajue wanakwenda kuona nini. Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi, na kesho yake Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wakati ule waasi walioitwa Simba walikuwa wakitawala nchi hii ya Fizi. Huko Baraka, Padri Luigi Carrara, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa kanisani akiwaungamisha Wakristu. Mkuu mmoja wa Simba alisimamisha gari lake mbele ya misioni, akamwamuru Bruda Vittorio Faccin apande. Bruda alikataa, akapigwa risasi. Padri Carrara aliposikia mlio alitoka kanisani. Naye aliamriwa kupanda, lakini akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, akauawa papo hapo. Kisha gari lile lilishika njia ya milimani mpaka misioni ya Fizi. Usiku ulikuwa umeingia. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, akauawa, na pamoja naye Padri Albert Joubert.

Watatu kati yao walikuwa Wamisionari Wasaveriani kutoka Italia, na hakuna aliyekuwa amefikia miaka 35. Wa nne alikuwa padri wa jimbo, mzaliwa wa nchi ya Moba, mwenye umri wa miaka 56. Mama yake alikuwa Mwafrika, na baba yake alikuwa Kapiteni Joubert, yule askari Mfaransa aliyekuja Tanganyika kuwalinda watu na wateka-watumwa, akafa Moba mwaka 1927. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri kwa niaba ya Baba Mtakatifu Fransisko. Tangu siku ile ndipo barua zilipozidi.

Sasa tuitazame njia. Kutoka Uvira mpaka Baraka ni kama kilometa 90. Mtu wa mjini akisikia hesabu hiyo hudhani ni mwendo wa saa mbili. Asidanganyike! Barabara yapita Makobola, Mboko na kwetu Lusenda, ziwa likiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, na kila mto unaoshuka kutoka milima ile una tabia yake. Wakati wa kiangazi shida ni vumbi na mashimo tu. Mvua zikianza, mto ulioukanyaga asubuhi kwa miguu mitupu waweza kuusimamisha msafara mzima alasiri. Mutambala, ulio karibu na Baraka, wenyeji wauheshimu sana, nao wana sababu.

Hapo pana fumbo kidogo kwa wapangaji. Watu wengi wangependa kwenda tarehe 28 Novemba, siku ya mauaji yenyewe. Lakini Novemba ni mwezi wa mvua. Sisi twaona ni afadhali kuchagua siku za karibu na tarehe 18 Agosti. Barabara ni kavu, wanafunzi wako likizoni, na siku yenyewe ina maana yake. Wanaokaa Baraka na Fizi na waadhimishe Novemba. Wao hawana mto wa kuvuka.

Tena lipo neno lililo zito kuliko mvua. Mwezi wa Desemba 2025 vita viliufikia mji wa Uvira, na watu kwa maelfu walikimbilia Burundi. Kwa hiyo mtu asipange hija kwa kutazama kalenda peke yake. Aulize paroko wake, naye paroko awaulize mapadre wa Baraka, tena siku tatu kabla ya safari, na tena usiku wa kuamkia safari. Wakijibu "ngojeni", watu wangoje, hata kama gari limekwisha lipiwa. Wenye Heri wale wanne hawakuitafuta hatari. Ilikuja mlangoni kwao. Basi na sisi tusiitafute kwa jina lao.

Tumesema kwamba tulikwisha kulijibu swali vibaya. Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2024, miezi miwili baada ya kutangazwa kwa Wenye Heri. Furaha ilikuwa nyingi, na sisi ndio tuliotengeneza mpango: Uvira, Baraka, Fizi, na kurudi, yote siku moja. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Gari lilichelewa mjini saa nzima kwa kuwangoja waliochelewa. Kwenye vizuizi vya njiani tulipoteza saa nyingine. Baraka tulifika mchana, tukasali kwa haraka kama watu wanaofukuzwa, tukaanza kupanda njia ya Fizi, ambayo ni zaidi ya kilometa 30 za milima. Mvua ilitukuta hatujafika nusu. Dereva alisimama, akashuka, akautazama utelezi ule, akasema harudii kusema: hapandi.

Kati yetu alikuwamo bibi mmoja wa zaidi ya miaka 70. Yeye hakuja kwa ajili ya Baraka. Alipokuwa msichana mdogo alimjua Padri Joubert, na alitaka kupiga magoti mahali alipofia. Gari lilipogeuzwa aliuliza, "Mwalimu, Fizi imebaki mbali?" Tukamjibu, "Si mbali sana, Bibi, ila njia ni mbaya. Tutarudi siku nyingine." Akasema, "Ninyi mtarudi." Basi, hakusema neno jingine mpaka Lusenda, ambako tulilala wote juu ya madawati ya shule, watu wazima na watoto, tukiwa tumelowa. Mvua haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu tuliopanga.

Kwa hiyo sasa jibu letu ni hili. Kwa siku moja, nendeni Baraka tu. Ondokeni Uvira saa kumi na moja alfajiri, na anayechelewa aachwe, hata akiwa mkuu wa chama. Saa tatu hivi mtakuwa Lusenda. Shukeni, mnyoshe miguu, mnywe chai. Waonyesheni watoto mahali ilipofunguliwa kambi mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya kwao, kisha mwakumbushe ni watu gani waliokimbilia Burundi miaka kumi baadaye. Baraka mtafika kabla ya adhuhuri. Misa iwe imeagizwa mapema kwa paroko wa huko, na baada ya Misa yawepo maungamo, maana Padri Carrara alitoka katika kazi hiyo kwenda kufa. Saa nane kamili gari ligeuke. Chukueni barua ya paroko, vitambulisho, maji, na ugali wenu wa muhogo na dagaa. Mchango wa nauli ukusanywe wote kabla ya siku yenyewe.

Wageni wengine watauliza habari za Che Guevara, aliyefika katika milima hii mwaka 1965. Waambieni ni kweli alikuja, akakaa miezi saba, akaondoka. Lakini hiyo ni safari nyingine.

Na Fizi? Fizi yataka siku mbili na kulala Baraka. Twajua gharama yazidi, na shule nyingi hazitaiweza. Basi wanafunzi waende Baraka, na wazee wachache wapelekwe Fizi kwa gari dogo, maana wao ndio wasio na muda. Hivyo ndivyo tunavyopanga hapa Lusenda kwa kiangazi kijacho, njia ikiwa salama. Mahali pa watu sita pamekwisha gawanywa. Bibi yule bado yuko, naye amewekewa kiti cha mbele, karibu na dereva.