UNGA WA LISHE WA KWENYE SIMU: UNAJUA UNACHOMPA MTOTO?



Siku moja ya kliniki alifika mama kijana, mfanyabiashara wa nguo pale Tunduma karibu na mpaka, akiwa na binti yake wa miezi tisa. Tulipompima mtoto, mizani ilionesha kilo 7. Nilifungua kadi yake nikaona kwamba miezi miwili kabla alikuwa na kilo hizo hizo 7. Mstari kwenye kadi, badala ya kupanda, ulikuwa umelala.

"Shikamoo sista," alisema, akaniona ninavyoitazama kadi. "Lakini mimi simpi mtoto chakula cha ovyo. Namnunulia unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili. Naagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam."

"Marahaba mama. Hebu nionyeshe."

Akatoa simu. Kulikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na maneno kwamba unga huo huongeza damu, uzito na akili, na unafaa kuanzia miezi mitatu. Nikamwomba kliniki ijayo alete pakiti yenyewe. Alileta. Ulikuwa mfuko wa nailoni wenye karatasi iliyobandikwa: jina la unga na namba ya simu, basi. Hapakuwa na tarehe ya kutengenezwa wala ya kwisha muda, wala mahali ulikosagwa, wala alama ya ubora ya TBS. Nilipoufungua, harufu ya karanga zilizochacha ilinijia puani.

Sikuandika haya ili nimcheke mama huyo. Alikuwa ametumia fedha nyingi kuliko majirani zake kwa sababu anampenda mwanawe. Na mimi mwenyewe nimewahi kununua kwa picha, kama nitakavyoeleza.

Nini kimejificha ndani ya unga?

Mahindi ukiyaona kwenye debe unaweza kuyachagua. Utatoa yaliyooza, yenye ukungu na yaliyoliwa na wadudu. Yakishasagwa, hakuna jicho linaloweza kutenganisha punje nzuri na mbaya. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo, nayo inaitwa sumukuvu. Ni sumu inayotokana na ukungu, na hupenda zaidi mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri au zimehifadhiwa penye unyevu. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na kuuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini na huweza kuleta saratani yake.

Hatari ya pili ni soya. Watengenezaji wengi wa nyumbani huichanganya ikiwa mbichi kwa kuwa wamesikia ina protini. Kusikia huko ni kweli, lakini soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuisaga protini hiyo. Ni lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Maharage ndiyo zaidi: mabichi yana sumu, na uji wa dakika kumi hauyaivishi. Unapochanganya vitu kumi na viwili, kila kimoja kina muda wake wa kuiva na muda wake wa kuharibika. Karanga huchacha mapema na kuuharibu mfuko mzima. Kwa hiyo wingi wa majina kwenye pakiti si wingi wa lishe.

Lakini kwa binti yule kulikuwa na jambo la tatu, na nadhani ndilo lililomdhuru zaidi. Kwa kuwa pakiti ilisema "lishe kamili", mama aliacha kila kitu kingine. Hakumpa yai, hakumpa dagaa wala parachichi. Alimpa uji mwepesi unaonyweka kwenye kikombe, asubuhi, mchana na jioni. Tumbo la mtoto ni dogo, lilijaa maji.

Hapa kwetu jambo hili lina uchungu wake. Songwe ni mkoa wa chakula. Mahindi ya Mbozi yanapakiwa kwenye malori Mlowo kwenda mikoa mingine, Ileje kuna maharage, mpunga unatoka Kamsamba. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 32 katika kila 100 wa mkoa wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, zaidi kidogo ya wastani wa nchi ambao ni 30.

Boksi la wajukuu

Sasa niseme langu. Wajukuu zangu walikuja likizo kutoka mjini, wakauliza kama bibi ana ile nafaka ya boksi inayoliwa na maziwa baridi. Bibi hakuwa nayo. Nikaona tangazo kwenye simu, nikatuma Sh 18,000 pamoja na nauli ya basi. Kifurushi kilifika baada ya siku sita, boksi limebonyea, na tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa miezi miwili. Nilipopiga simu haikupokelewa tena.

Nilivaa miwani nikasoma ubavu wa boksi. Katika kila gramu 100, sukari ilikuwa gramu 30. Maana yake bakuli la gramu 40 lina gramu 12 za sukari, yaani vijiko vidogo vitatu hivi, kabla hujaongeza ya kwako. Hicho ni chakula cha sherehe, si cha kila asubuhi. Jambo la ajabu ni kwamba vyakula hivi vilianzia hospitalini. Huko Battle Creek, Marekani, katika miaka ya 1890, daktari John Harvey Kellogg na ndugu yake Will walitengeneza nafaka kavu kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake, sukari ikatiwa, na daktari hakufurahi. Kwa hiyo nafaka ya boksi si mbaya yote. Tafuta isiyotiwa sukari nyingi, na usimpe mtoto mchanga badala ya uji.

Ukitaka kuagiza

Sikatazi kununua kwa simu. Kuna akina mama wajasiriamali wanaotengeneza unga safi, wamefundishwa, na bidhaa zao zimepimwa. Lakini uliza kabla ya kutuma fedha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni akupe jina lake, anwani yake, maelezo ya bidhaa na bei yote. Anayekataa kusema yuko wapi, mwache. Mwombe akupigie picha ya pakiti halisi, nyuma na mbele, yenye tarehe na alama ya TBS. Akikutumia yenye muhuri wa TFDA, jihadhari: kazi ya kusimamia chakula ilihamia TBS tangu mwaka 2019. Muulize kama soya imekaangwa na kama ndani kuna karanga. Ni afadhali karanga uzinunue nzima, uzichague na kuzikaanga mwenyewe. Pia lipa mzigo ukifika, kama anakubali, na usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri. Ukitapeliwa kwa ujumbe wa simu, tuma namba ya tapeli kwenda 15040.

Na tangazo lolote linalosema unga ni wa miezi mitatu, lipite. Mpaka miezi sita kamili mtoto ananyonya tu.

Kimea cha bibi zetu

Mama yule nilimweleza habari ya kimea, akashangaa, kwani alikijua kwenye pombe tu. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilikihimiza sana kwa ajili ya watoto, na sijui kwa nini tumekisahau. Loweka ulezi uliochaguliwa usiku kucha, umwage maji, uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, usiote ukungu, pukuchua vichipukizi, kisha saga. Tumia ulezi, si mtama, kwa maana mtama uliochipua una sumu yake.

Pika uji mzito, ule unaokaa kwenye kijiko. Epua, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea ukoroge. Utaona uji unalainika mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena. Sasa mtoto atameza kwa urahisi, na katika kikombe kile kile amepata chakula kingi zaidi. Ongeza kijiko cha mafuta, au yai lililoiva, au dagaa waliosagwa, au parachichi lililopondwa. Mtoto wa miezi tisa ale mara tatu hadi nne kwa siku, na aendelee kunyonya.

Kina baba, debe la ulezi na trei ya mayai ni kazi yenu pia.

Baada ya wiki nne binti alikuwa na kilo 7.4. Mama alinieleza kwamba bado ana mifuko miwili ya ule unga wa simu, akauliza kama awape kuku, maana ni hasara kuutupa. Nilimwambia hapana. Kama una sumukuvu utaua kuku, na ng'ombe akila, sumu huingia kwenye maziwa. Alichimba shimo nyuma ya nyumba akaufukia.