Mara ya kwanza kumpeleka mtoto wa miaka miwili kwenye michezo ya maji? Soma hii kabla hujakata tiketi

Jumapili moja mwaka jana tulikuwa watu wazima wanne na mtoto mmoja. Wanne kwa mmoja! Nani angekuwa na wasiwasi?

Mtoto ni wa dada yangu, mimi ni mama yake mdogo. Wakati ule alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwenye bustani ya michezo ya maji, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam. Kama saa 7 mchana hivi chipsi zikafika mezani. Dada akanyanyua kichwa akauliza, "Yupo na nani?"

Kila mtu akamwangalia mwenzake. Shemeji alijua yupo na mimi. Mimi nilijua yupo na baba yake. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anapiga picha.

Tulimkuta baada ya kama dakika moja. Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa bwawa la watoto, anachota maji kwa kikombe cha soda, hana habari kama kuna watu wanamtafuta. Hakuwa hata amelowa nywele. Dada hakuzigusa tena zile chipsi.

Tangu siku hiyo, rafiki akiniuliza "nimpeleke mwanangu wapi, kiingilio bei gani," namjibu, lakini kwanza namuuliza swali la dada: atakuwa na nani?

Kwa nini umri huu una hatari yake

Mtoto wa miezi minane ukimweka mahali unamkuta palepale au karibu na hapo. Wa miaka sita unamwambia "usisogee" na mara nyingi atakuelewa. Wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu ana miguu ya kukimbia, lakini hajui hatari ni nini. Anaona maji, anayafuata.

Kuna na suala la mwili wenyewe. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kuchungulia maji anatangulia kichwa, na mikono yake haina nguvu za kumnyanyua. Ndiyo maana hahitaji kina kirefu ili azame, maji ya sentimita 5 tu yanaweza kutosha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo vya kuzama maji duniani.

Halafu filamu zimetudanganya. Tumezoea kuona anayezama anapiga kelele na kupunga mikono. Mtoto mdogo akizama kwa kawaida hutasikia chochote. Ili upige kelele unahitaji pumzi, na mdomo wake tayari uko majini. Unaweza kuwa umekaa mita tatu kutoka alipo, umegeuka kuchukua chenji, na usijue kitu.

Kwa hiyo lile wazo la "tupo wengi, tutamwangalia wote" ndilo linalowaponza watu. Kila mmoja anamtegemea mwenzake, mwisho hakuna anayemwangalia.

Zamu, na kofia ya njano

Safari ya pili tulifanya hivi. Tulichukua kofia moja ya njano, mbaya kweli, ya kampeni fulani ya zamani. Anayeivaa ndiye mwenye mtoto. Zamu ni dakika 20. Mwenye kofia hashiki simu, hali, hapigi stori na mtu, na anakaa mahali ambapo akinyoosha mkono anamfikia mtoto. Dakika zikiisha hamvalishi tu mwenzake kofia na kuondoka, anasema kwa mdomo "mchukue," na mwenzake anajibu "nimemchukua." Kama hajajibu, bado ni zamu yako.

Mara ya kwanza mnajiona kama mnaigiza. Baada ya saa moja mnazoea, na wale wengine watatu wanastarehe kweli kwa sababu wanajua mtoto yuko kwa nani.

Maboya ya kujaza upepo, yale ya kuvaa mkononi, yasikupe amani. Hayo ni ya kuchezea. Yanavuka, yanatoboka, na mtoto anaweza kupinduka nayo. Ukitaka kitu cha usalama, tafuta jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wake, na bado ukae karibu. Waokoaji wa bwawani nao wanasaidia sana, ila mmoja anaangalia watu kibao kwa wakati mmoja. Hawezi kuwa yaya wako.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kwa Dar, majina yanayotajwa zaidi ni Kunduchi Wet 'n' Wild, upande wa kaskazini mwa jiji, na Fun City iliyopo Kigamboni. Sikuwekei bei hapa kwa sababu zinabadilika, na bei ya sikukuu inaweza isiwe ya Jumanne. Piga simu. Uliza mtoto analipiwa kwa umri au kwa urefu, uliza mtu mzima asiyeogelea analipa kiasi gani (bibi anayekaa kivulini na mkoba naye ana kiingilio chake), na uliza kama mnaruhusiwa kuingia na chakula cha mtoto. Hilo la mwisho liulize hata kama unaona aibu. Kugombana getini kwa ajili ya chupa ya uji kunaharibu siku.

Siku? Kwa mara ya kwanza, epuka Idi, Krismasi na Pasaka. Najua ndiyo siku tulizokua tukipelekwa kutembea, tumevaa nguo mpya, lakini mji mzima nao unakuwa pale. Kama unaweza kuomba ruhusa kazini siku ya kati ya wiki, omba.

Urefu wanaoupima pale kwenye mchezo

Karibu na michezo mikubwa utaona kibao chenye alama ya urefu. Watu wengine wanambembeleza mhudumu: "Kaka, amebakiza kidogo tu." Wengine wanamvalisha mtoto viatu vya soli nene. Tafadhali, usifanye hivyo.

Ule mkanda au chuma kinachomshikilia mtu kwenye mchezo kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Mwili mdogo unachoropoka. Kwa viwango vya WHO, mtoto wa miaka miwili kwa wastani ana urefu wa kama sentimita 87. Sasa linganisha: Disneyland ya California, bustani iliyofunguliwa mwaka 1955 na inayojulikana kwa familia, treni yake ya Space Mountain inataka uwe na sentimita 102 ndipo upande. Kwa hiyo hata ungempeleka huko, mwanao angebaki chini.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachotangazwa mtandaoni, slaidi ndefu na bembea za kuzunguka, si vyake mwaka huu. Vyake ni bwawa la kina kifupi, slaidi fupi, treni ndogo, mchanga. Jua hilo kabla hujalipa, usije ukakasirika ukiwa ndani.

Saa ya mtoto na saa ya tiketi

Hapa ndipo wengi tunakosea, na kosa linatokana na pesa. Umelipa kiingilio cha siku nzima, unataka siku nzima. Mtoto hajalipa chochote, na mwili wake una ratiba yake.

WHO inapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wengi wa umri huu wanasinzia kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana. Jua nalo linakuwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Ukiunganisha hivyo viwili unapata jibu: fika geti linapofunguliwa, acheze akiwa na nguvu, ale, muondoke kabla usingizi haujamkamata. Au tafuta kivuli cha uhakika, mlaze kwenye kanga, mwenye zamu abaki naye.

Saa mbili au tatu zinamtosha kabisa. Yule mtoto unayemwona saa 9 alasiri anagaragara chini analia, huku baba anasema "lakini tumelipa," hana tabia mbaya. Amechoka.

Jiandae pia kwamba anaweza kuogopa. Wa kwetu aliogopa lile ndoo kubwa linalojaa maji juu kisha linamwagika kwa kishindo. Alinishika shingo hadi nikakosa hewa. Kuna wajomba wanaoamini dawa yake ni kumtumbukiza mtoto "azoee." Hazoei, anajifunza kwamba ukimwamini mtu anakutupa majini. Kaa naye mbali kidogo, aangalie wenzake, akitaka atasogea mwenyewe.

Cha kubeba

Pampasi za kawaida zikiingia majini zinanyonya maji na kuvimba, mtoto anashindwa hata kutembea. Zipo za kuogelea, zinauzwa kwenye supamaketi kubwa na maduka ya vitu vya watoto. Hizo zinazuia kinyesi kisitoke, lakini hazizuii vijidudu. Mtoto aliyeharisha siku za karibuni abaki nyumbani, hata kama tiketi mmeshakata. Dawa ya bwawani haiui kila kitu papo hapo, na watoto wa wenzako wanayanywa maji hayo.

Rangi ya nguo ni jambo ambalo sikuwa nalijua. Nguo ya bluu au kijivu inapotea ndani ya maji. Chungwa, nyekundu, kijani kile cha kung'aa, unaiona haraka. Ikiwa na mikono mirefu ni bora zaidi kwa ajili ya jua. Beba na ndala zenye mkanda wa nyuma, sakafu inateleza na mchana inaunguza.

Asubuhi, kabla hamjaingia, mpige picha moja akiwa na nguo alizovaa. Kisha mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika haraka. Dakika moja tu. Akipotea, hautakuwa unajaribu kukumbuka kama fulana ilikuwa ya mistari.

Chakula, soseji za pale zikateni kwa urefu kwanza kisha vipande vidogo, na ale akiwa amekaa. Soseji ya duara ni saizi ileile ya koo lake.

Asipoonekana

Anzeni na maji. Hata kama unahisi ameenda kwenye bembea, mtu wa kwanza akimbilie bwawani, kwa sababu kwenye bembea ana dakika nyingi na bwawani hana. Mwingine aende getini, mwingine amwambie mhudumu na kumwonyesha ile picha. Pigeni kelele kwa jina lake na rangi ya nguo. Usione haya.

Akitolewa majini, usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili "atapike maji." Wengi tumekua tukiona hivyo, lakini inapoteza muda na inaweza kumletea madhara. Kama hapumui anahitaji kupuliziwa pumzi na kukandamizwa kifua papo hapo, na mwokoaji aliyefunzwa anajua namna. Mwite yeye kwanza. Kwa Tanzania, namba ya dharura ni 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hata akizinduka na kuanza kucheza, mpelekeni hospitali aangaliwe.

Safari yetu ya pili ilikuwa Jumatano. Tulifika geti linafunguliwa, kofia ya njano ikazunguka kwa zamu, na saa 6 na nusu tukawa tumeshatoka. Hakupanda kitu hata kimoja. Kwenye bajaji alilala kabla hatujafika barabara kubwa, kichwa kwenye mapaja yangu, namba ya mama yake bado imeandikwa mkononi.

Jioni bibi yake akamuuliza ameona nini huko. Akafikiri, kisha akasema, "Bomba."

Lile la kuoshea miguu, pale mlangoni.