Buku Kijanja, Lala Fiti: Diploma Imebisha Hodi

Wasee wa Ibra, Sur na Nizwa huku Oman, najua mko kwa moto. Mwaka wa kumi na mbili wa skuli si mchezo. Diploma ya Elimu ya Jumla, ile wazee bado wanaiita thanawia, ndiyo inaamua kama utaishia Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Chuo Kikuu cha Nizwa ama A'Sharqiyah pale Ibra. Maombi yanapita kwa kituo kimoja cha udahili, na huko wanacheki asilimia zako na listi ya kozi ulizojaza.

Presha ya nyumbani nayo ina mizizi. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu, wanafunzi kama 900, vijana wa kiume tupu. Sultan Qaboos aliposhika usukani akawaita Waomani wa ng'ambo warudi. Wengi wakatoka Unguja, Pemba na Mombasa na elimu yao, wakaingia maofisini na madarasani. Kwa hivyo babu akikudaka na simu akakuuliza fizikia umefika wapi, usinune. Yeye anajua vile karatasi moja inaweza kumtoa mtu.

Lakini cheki vile wengi wanabuku. Saa saba usiku, majlisi imejaa vitabu, birika la kahawa limeisha, makopo ya vinywaji vya kuchangamsha yamepangwa ukutani. Kitabu cha kemia kimepakwa rangi ya njano kurasa nzima. Dogo anarudia sura moja mara nne, anajiambia imeingia.

Manze, haijaingia. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili. Wanafunzi waliorudia kusoma waliongoza walipoulizwa dakika tano baadaye. Wiki moja ikapita, wale waliojitesti badala ya kurudia wakawaacha mbali. Kurudia kunafanya macho yazoee ukurasa, na mtu anadhani kuzoea ndio kujua.

Kwa hivyo funga kitabu. Chukua karatasi tupu, mwaga kila unachokumbuka, halafu fungua ucheki mashimo yako. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, jipe muda ule ule wa mtihani, simu iwe chumba kingine. Mkiwa wasee watatu, mmoja aulize, mmoja ajibu, mmoja asahihishe, kisha mbadilishane. Na kama nyumbani kuna bibi wa Kizanzibari, mkalie karibu umfafanulie kwa Kiswahili kile ulichosoma kwa Kiarabu. Akikuuliza, "Kwa nini lakini, mwanangu?" ukamjibu bila kubabaika, hiyo mada umeishika.

Halafu kuna usingizi. Ukilala ndio ubongo unapanga ulichosoma mchana, so ukikesha unatupa kazi yako mwenyewe. Kahawa ya jioni usiichukulie poa: baada ya masaa kama matano, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Na joto la huku ni noma. Juni 2018, pale Quriyat kwenye barabara ya Sur, usiku mzima halijoto haikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi. Mwili uliochemka hivyo haubebi hesabu, kwa hivyo kunywa maji, lala mapema chumba chenye ubaridi, amka alfajiri. Ukishaswali, kichwa ni fresh na nyumba imetulia. Hapo piga zile hesabu ngumu.

Stresi ikikukaba, bonga na mtu. Mwambie mathe, mwalimu ama beshte unayemwamini. Ukiona siku zinapita huli, hulali, moyo unakimbia, nenda kituo cha afya. Hiyo si aibu, ni akili. Wazazi nanyi, tafadhali, usiku wa kuamkia mtihani msimlinganishe na binamu yake wa Muscat. Mpeni chakula, mwombeeni dua, mwacheni alale.

Na ikienda kombo somo moja, kuna duru ya pili. Maisha hayaishii kwa karatasi ya Juni. Wasee, jitestini mchana, laleni usiku, ingieni chumba cha mtihani na akili iliyopumzika. Mungu awafungulie.