Ulaya na Marekani: Wanaofuga mijusi walazimika kufuga pia nyenje na mende

Mwezi wa Februari 2020, kundi dogo la nzige wa jangwani lilionekana katika jimbo la Ituri, upande wa magharibi wa Ziwa Albert. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Congo kuona nzige hao tangu mwaka 1944, na wakulima walikuwa na kila sababu ya kuogopa. Wakati huohuo, huko Uingereza, nzige wa jamii hiyohiyo walikuwa wakiuzwa madukani wakiwa hai, ndani ya vikopo vya plastiki, na wateja wakiwalipia bila kulalamika.

Wateja hao hawali nzige. Wanawapelekea mijusi na vinyonga wanaowafuga nyumbani, kama vile wengine wanavyofuga paka au mbwa. Wapo wanaofuga mjusi mwenye ndevu kutoka Australia, wengine mjusi wa madoa ya chui kutoka Pakistan na Afghanistan, na wengine vinyonga, ambao wengi wao asili yao ni Afrika. Jamii moja ya vinyonga hata ina jina la kitaalamu lililotokana na Kiswahili: Kinyongia, jina lililotolewa na watafiti mwaka 2006. Baadhi ya spishi zake zinaishi katika milima ya mashariki mwa Congo.

Tatizo la mnyama wa aina hii ni chakula chake. Kinyonga hali mkate wala mabaki ya mezani. Anataka mdudu aliye hai, anayetembea, na anamtaka tena kesho na keshokutwa. Ndiyo maana nyuma ya kila mjusi anayefugwa chumbani pana shamba la wadudu mahali fulani, na mara nyingi zaidi siku hizi shamba hilo liko ndani ya nyumba hiyohiyo.

Ugonjwa uliomwaga mamilioni

Kwa miaka mingi soko hili lilimtegemea mdudu mmoja: nyenje wa nyumbani, mwenye rangi ya kahawia, anayeitwa kitaalamu Acheta domesticus. Marekani walianza kumzalisha kwa wingi kwa ajili ya chambo cha wavuvi wa samaki, kisha maduka ya wanyama yakawa wateja wakubwa. Anazaana haraka, anakula karibu kila kitu, na kwenye joto la nyuzi 30 anakomaa ndani ya wiki sita hadi nane.

Kisha kikaja kirusi. Kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1977 katika shamba la nyenje nchini Uswisi, na baadaye kikasumbua mashamba mengine ya Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 2009 kiliingia katika mashamba ya Amerika Kaskazini. Nyenje waliokaribia kukomaa walidhoofika, wakashindwa kuruka, wakalala chali na kufa. Kirusi hicho hakimdhuru binadamu wala mjusi, lakini kwa nyenje hakina dawa, na kinabaki kwenye vyombo na vumbi la banda. Kusafisha tu hakukutosha. Baadhi ya mashamba makubwa yalipoteza mifugo yote na mengine yakafilisika.

Athari zilifika haraka kwa mwenye mjusi mmoja sebuleni. Mtu aliyezoea kununua kopo la nyenje kila wiki alikuta duka halina kitu. Mashamba yaliyosalia yalianza kutafuta aina nyingine za nyenje zinazostahimili ugonjwa, na hapo likazuka tatizo jingine: baadhi ya aina hizo hazikuwa na kibali nchini Marekani, kwa sababu serikali inahofia mdudu mgeni akitoroka atageuka adui wa mashamba. Nyenje mweusi mwenye madoa mawili, ambaye ni mwenyeji wa Afrika na anauzwa waziwazi Ulaya, Marekani hawamtaki. Nzige vilevile.

Mende ndani ya sanduku

Kwa anayetaka kujitegemea, jibu la wengi ni mende. Si yule wa jikoni anayefukuzwa kwa sumu huku kwetu, bali mende mkubwa wa Amerika Kusini anayeitwa dubia. Sifa zake zinaeleza kwa nini anapendwa. Hawezi kupanda ukuta laini wa plastiki, hivyo hatoroki kirahisi. Jike hana mabawa ya kurukia. Haimbi usiku, tofauti na nyenje dume ambaye anaweza kuwanyima usingizi watu wa nyumba nzima. Tena hatagi mayai ya kutafutiwa mahali pa kuanguliwa: mayai hubaki tumboni mwa mama, na watoto hutoka wakiwa hai.

Vifaa ni vya kawaida. Sanduku la plastiki, trei za mayai zilizosimamishwa ili wadudu wapate mahali pa kujificha, wavu juu ya matundu ya hewa, na chanzo cha joto la nyuzi 28 hadi 32. Chakula ni pumba, mboga za majani, karoti. Maji hayawekwi kwenye kisahani kitupu, kwa kuwa wadudu wachanga huzama humo na kufa. Huwekwa kwenye pamba au sifongo iliyolowa. Unyevu ukizidi, ukungu na utitiri huingia, na sanduku zima linaweza kuharibika.

Walio wavivu zaidi hufuga mabuu ya unga, ambayo yanaishi ndani ya pumba zilezile yanazokula, na yakiwekwa kwenye friji ukuaji wake unapungua kasi.

Mdudu aliyeshiba

Hata hivyo, wengi wanaoanza hufikiri kazi imekwisha wanapopata wadudu wa kutosha. Hapo ndipo mijusi wengi huumia.

Mjusi anahitaji chakula chenye kalsiamu isiyopungua fosforasi, na ikiwezekana iizidi mara mbili. Kwa nyenje hali ni kinyume kabisa: fosforasi inaizidi kalsiamu mara nyingi. Mabuu ya unga nayo ni hivyohivyo. Mjusi anayelishwa wadudu hao bila nyongeza anaweza kuonekana ameshiba huku mwili wake ukinyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya linalegea, miguu inapinda, anatetemeka. Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena.

Kwa hiyo mfugaji makini humlisha mdudu kwanza. Kwa siku moja au mbili kabla ya kuliwa, wadudu hupewa chakula chenye kalsiamu nyingi na majani mabichi, kisha hupakwa unga wa kalsiamu dakika chache kabla ya kutupwa kwa mjusi. Aina nyingi pia huhitaji taa maalumu inayotoa miale kama ya jua, maana bila vitamini D kalsiamu hiyo inapita tumboni bila faida. Mabuu ya inzi mweusi, yaleyale yanayofugwa Kenya kwa ajili ya chakula cha kuku, yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengine wa kufugwa, na maduka ya Marekani yanayauza kwa sababu hiyo.

Kwa mtu wa Bukavu au Kisangani, swali la kwanza ni rahisi: kwa nini wasitoke nje wakakamate wadudu wa bure? Wapo waliojaribu. Mdudu wa bustanini anaweza kuwa amekula majani yaliyopuliziwa dawa, na baadhi ya wadudu ni sumu wenyewe. Huko Marekani, kimulimuli mmoja anatosha kumuua mjusi mwenye ndevu, kwa kuwa mjusi huyo wa Australia hakuzoea mdudu huyo na hajui kumkwepa.

Binadamu naye hasalimiki kabisa. Vumbi la kinyesi na magamba ya mende na nzige huwaletea baadhi ya wafugaji mafua yasiyoisha na pumu, hasa masanduku yakiwa chumba cha kulala.

Na kuna suala la muda. Dubia mchanga huhitaji miezi minne hadi sita kukomaa, kisha jike hubeba mayai kwa takriban miezi miwili kabla ya kuzaa watoto ishirini hadi arobaini. Anayeanza leo na mende wachanga hatakuwa na wa kulisha kabla ya nusu mwaka kupita, na akianza kuvuna mapema atamaliza mbegu. Muda wote huo mjusi anasubiri chakula, na kopo la nyenje bado linanunuliwa dukani.